Picha za buluu kwa jua, kisha kwa chai ya rangi

Karibu, mtazamaji. Leo tunachukua picha ya kawaida kabisa, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, tuisafishe kwa jua iwe buluu nzito, kisha tuitie hudhurungi kwa chai ya rangi. Njia hii huitwa sayanotipu. John Herschel aliibuni huko Uingereza mwaka 1842.

Anza kwa kuchagua picha. Rangi zake zote zitaondoka, kwa hiyo usizitazame, tafuta kivuli. Baiskeli hii nimeipiga saa kumi jioni, spoki zimejichora ukutani. Kwenye simu, itoe rangi, kaza giza na mwanga, halafu igeuze: peusi pawe peupe. Ichapishe kwenye plastiki angavu. Hiyo ndiyo negativu yetu.

Sasa dawa. Vaa glavu, na vyombo utakavyotumia visirudi jikoni. Chupa ya kwanza: gramu 25 za feriki amonia sitreti ya kijani, yaani chumvi yenye chuma, kwa mililita 100 za maji. Ya pili: gramu 10 za potasiamu ferisayanaidi kwa maji kiasi hicho hicho. Hii ya pili isikutane kamwe na asidi kali wala moto, maana hutoa gesi ya sumu. Ziba madirisha, washa balbu hafifu ya manjano, changanya dawa mbili sawa kwa sawa, paka kwenye karatasi nene ya rangi za maji. Iache ikauke gizani.

Laza negativu juu yake, bana kwa kioo, toa juani. Hapa tafadhali usiharakishe! Karatasi itatoka kijani-manjano, iingie buluu, na bado hujafika. Ngoja sehemu za giza zigeuke kijivu kama zimeungua, kwa sababu maji yataondoa sehemu ya rangi hiyo. Muda hutegemea jua lako, hivyo jaribu kwanza kwa kipande kidogo.

Osha mpaka umanjano uishe. Kama maji yako ni ya kisima chenye magadi, tia matone ya siki, la sivyo buluu itafifia. Anika, itazidi kukolea ikikauka.

Sasa raha yenyewe. Koroga kijiko cha chai cha sodiamu kaboneti, yaani magadi ya kufulia, katika lita ya maji, tumbukiza picha. Tazama: sehemu nyepesi zinaliwa kwanza. Itoe upesi, kivuli kingali buluu, uisuuze vizuri. Kisha iloweke kwenye chai nzito iliyopoa, bila maziwa wala sukari. Tanini, ule ukakasi wa majani ya chai, hushikana na chuma kilichobaki kwenye karatasi, na ukuta unaanza kuwa hudhurungi.

Wengine huiacha mpaka yote iwe kahawia. Mimi naona hapo picha inapoa. Naitoa spoki zikiwa bado buluu-nyeusi, ukuta umeshapata joto, rangi mbili zinavutana. Chai hupaka hata karatasi yenyewe, basi ukitaka weupe uliotakata, fupisha muda. Suuza mara ya mwisho, uianike kivulini.