Zimeni Simu, Bundi Yupo

Wengine hapa mmenisikia nikilisema hili mara nyingi, na leo nalirudia: ukiingia msituni kutazama ndege, usimchezee ndege sauti yake kwenye simu.

Aprili iliyopita tulikuwa marafiki wanne na kiongozi wetu. Tulitoka Gede kabla ya adhana ya alfajiri, tukaingia msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa pwani ya Kenya, upande wa udongo mwekundu, kule ambako vichaka vimesongamana hata aliye hatua kumi mbele yako humwoni. Tulikuwa tunamtafuta bundi wa Sokoke. Nanyi mnajua bundi huyu si wa kila mahali: ni mdogo wa kutosha kiganjani, wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966 tu, na ukitoka huku kwetu Kilifi utamkuta milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, basi.

Mwenzetu mmoja akatoa simu, akabonyeza. Bundi akajibu kutoka mbali. Akabonyeza tena, bundi akasogea. Mara ya tatu akawa juu ya vichwa vyetu, anaruka tawi hili na lile, anamtafuta dume aliyeingia kwake. Dume hayupo! Mwenzetu alifurahi, picha alipata. Mimi nilimwona mwenye nyumba anayezunguka ua wake usiku akimsaka mwizi, na mwizi ni sisi.

Mtaniambia, "Mwalimu, ni mara moja tu." Mara moja yako, mara moja ya aliyekuja jana, na ya kikundi cha kesho. Sote tunapita kijia kilekile, kwa sababu ndipo anapojulikana kukaa. Bundi ni yuleyule! Usiku anaofukuza adui asiyekuwepo hawindi, na kama ana kiota, amekiacha.

"Bila simu hatuoni kitu." Hili ndilo linalonikera zaidi, maana si kweli. Asubuhi ileile nilimsihi mwenzetu azime simu, akazima. Tukasimama. Kusimama ni kazi, ndugu zangu. Dakika 5 za kwanza unasikia mbu tu. Kisha majani makavu yakachakarika, akatoka sange, mnyama mdogo kama panya, kiuno cha manjano kama kimepakwa bizari, anapekua chini kwa pua yake ndefu kana kwamba hatupo. Likafuata kundi la ndege wenye paji la kahawia, wale waendao kifamilia wakigongesha midomo. Jua lilipopanda, kiongozi akatuinamisha, akaonyesha kwa kidevu: bundi wawili wamelala tawi la chini, bega kwa bega, mmoja wa kijivu, mmoja wa rangi ya kutu. Tulikuwa tumewapita mara mbili. Tuliwatazama, tukarudi nyuma polepole, nao hawakuruka.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya kambu wa Ulaya, ndege wanaopita pwani yetu mwezi huohuo wa Aprili wakirudi kaskazini, maana masika yetu ndiyo machipuko ya kwao. Tazameni nyaya za umeme barabarani, mtawaona. Na mti wa muhuhu, unaokatwa kwa wizi ukachongwe vinyago, huo unahitaji siku yake. Niulizeni nje.

Jumamosi tunaingia tena. Tukutane kituo cha msitu cha Gede saa kumi na moja alfajiri, viatu vya kufunika vidole, maji ya kunywa. Simu zibaki garini.