Maji Tulivu na Jaketi Lisilofungwa

Mhadhara uliotolewa mjini Jinja, Uganda, mbele ya waongozaji wa watalii, madereva wa safari na wanafunzi wa utalii

Bwana Mwenyekiti, waongozaji wenzangu, madereva mnaotuletea wageni kutoka Kampala, nanyi wanafunzi:

Wale waliokwisha kunisikia kwingineko wanajua ninakoelekea, nami sitawaficha wengine. Nimekuja tena kusema juu ya jaketi la kuokoa maisha, na hasa juu ya vifungo vyake. Habari za Speke, Mwingereza aliyefika chanzo cha Nile, na za majivu ya Gandhi yaliyotawanywa hapo, mnazisimulia kila Jumamosi, kwa hiyo nawaachia wenyewe.

Mgeni akiuliza ni wapi penye hatari katika mto huu, wengi wetu humwelekeza kwenye maporomoko ya Itanda. Ni kweli Itanda inatisha, na ngurumo yake husikika kabla ya maji yenyewe kuonekana. Lakini angalieni jinsi mgeni anavyoshughulikiwa anapokwenda kuteremka maporomoko kwa mashua ya mpira. Kabla hajaukaribia mkondo wenyewe amekwisha kuvishwa helmeti na jaketi, na kiongozi amepita kwa kila mmoja akikaza mikanda kwa mkono wake. Kisha mashua hupinduliwa makusudi mahali palipotulia, ili kila mtu ajaribu kuzama na kuibuka akiwa bado na akili zake timamu. Watu wa kayaki hutangulia na kungoja chini ya poromoko. Sehemu ya juu ya Itanda, ambayo ni ya daraja la sita, yaani la juu kabisa kwa ugumu, mgeni haipiti kabisa: anashuka, anatembea ukingoni, anaingia tena majini huko chini. Zaidi ya hayo, mto una kina kirefu, na baada ya poromoko kwa kawaida huja eneo pana la maji yaliyopoa, ambamo aliyetupwa nje ya mashua huokotwa akiwa anakohoa na kucheka.

Sasa tuiangalie safari ile nyingine, tunayoiuza kwa jina la mapumziko: boti ya jioni, au kuelea juu ya tyubu, ile pete kubwa ya mpira iliyojazwa hewa, kwa saa mbili huku muziki ukipigwa. Niruhusuni nieleze moja niliyoiona kwa macho yangu, nami nilikuwa abiria tu.

Kundi lilitoka Kampala asubuhi. Umbali ni kilomita themanini hivi, lakini mnaijua foleni ya magari ya Mukono, na mnajua kwamba hakuna basi la sherehe linalopita soko la barabarani la Namawojjolo bila watu kushuka kununua kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Walifika saa nane badala ya saa tano. Mwenye boti, akiona muda umekwenda, alikata kitu pekee ambacho mteja hakukilipia kwa jina, yaani maelezo ya usalama. Majaketi yalikuwapo, tena ya kutosha, lakini yalikuwa yamepangwa juu ya mabenchi na watu wakayakalia. Mama mmoja aliuliza kama ni lazima kuvaa, akajibiwa, “Nnyabo, hapa hakuna maporomoko.” Kijana mmoja aliyekuwa juu ya tyubu iliyofungwa nyuma ya boti alivaa lake kama koti, vifungo vyote vitatu wazi, ili fulana yake ionekane kwenye picha.

Tyubu iligonga tawi la mti ulioangukia mtoni, naye akateleza. Kilichofuata ndicho ninachotaka mkikumbuke: jaketi lilitupita kwanza. Lilipanda mabegani mwake, likamvuka kichwa, likaelea peke yake, la rangi ya chungwa, zuri kabisa. Yeye hakupiga kelele hata moja. Aliinua uso, mdomo ukafika juu ya maji ukashuka tena, mikono ikikandamiza maji pembeni, na wenzake wakacheka wakidhani anafanya mzaha. Anayezama kweli hapati pumzi ya kuita, na inaweza kuwa chini ya dakika moja kabla hajatoweka. Mvuvi aliyekuwa akitoa nyavu ng'ambo ndiye aliyemshika ukosi wa fulana akamvutia ndani ya mtumbwi wake. Kwenye boti yetu hapakuwa hata na kamba ya kurusha.

Naona mzee pale mbele anatikisa kichwa, na najua atakaloniambia, kwa sababu nimeambiwa kila mahali: joto ni kali. Ni kali, naam, na mteja wa Itanda analivumilia siku nzima huku akipiga makasia. Mwingine atasema anajua kuogelea. Alijifunza wapi? Katika bwawa la hoteli, ambako maji hayaendi popote na ukuta uko mita chache tu. Mtoni, hata pale panapoonekana kama kioo, maji yanatembea, na kiasi chake hubadilika kulingana na yanayofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme. Wa tatu huuliza mbona wavuvi hawavai. Ndugu yangu, wavuvi wanakufa. Kwa nini tuwafanye kipimo cha usalama wa wageni?

Na kama mfano wa mtu mmoja hautoshi, kumbukeni tarehe 24 Novemba 2018, pale chombo cha starehe kilichojaa watu wa Kampala kilipozama katika Ziwa Victoria upande wa Mukono. Waliokufa walizidi 30. Hapakuwa na maporomoko. Kulikuwa na chombo kibovu kilichopakia kupita kiasi, na ufukwe haukuwa mbali.

Wengine mlitaka nizungumzie mabwawa, nami nitagusa upande mmoja tu unaohusu hoja yangu. Bwawa la Owen, ambalo leo ni Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na maporomoko ya Ripon na ya Owen yakatoweka. Bujagali, la megawati 250, lilianza kazi kikamilifu mwaka 2012 na kuyafunika maporomoko ambayo watu wa Busoga waliyaheshimu kama makao ya mizimu. Isimba, la megawati 183, lilizinduliwa mwaka 2019 na kumeza maporomoko mengine ya chini ambayo mashua zetu zilikuwa zikiyashuka. Faida ya umeme na hasara ya utalii zijadiliwe na wenye kazi hiyo. Mimi nasema kila bwawa limetuongezea maji tulivu. Safari za maporomoko zimefupishwa, za kuelea zimeongezeka, na kwa hiyo wateja wengi zaidi wanaingia katika ile safari tusiyoiogopa.

Juu ya pombe nilitaka kusema mengi, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa. Iuzwe baada ya kushuka, si kabla ya kupanda. Majaketi ya watoto yawe ya watoto. Kumvika mtoto wa miaka sita jaketi la baba yake ni kama kutomvika. 

Madereva, ninyi nawaomba jambo moja: mkichelewa Namawojjolo, mpigieni simu mwenye boti akate muda wa muziki, si wa maelezo. Na mtu akianguka mtoni, asijaribu kusimama, kwa maana mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utamlaza kifudifudi. Alale chali, miguu ikitangulia, ajielekeze ukingoni kwa mikono.

Nimeleta majaketi manne, yako mezani. Nataka watu wanne waje wavae wenyewe, bila kusaidiwa, na kila mmoja mwenzake amshike sehemu za mabegani avute juu kwa nguvu. Jaketi likifika puani, halikukazwa, na mvaaji anaanza upya kuanzia kifungo cha chini. Tuanze na wewe, bwana, uliyesema unajua kuogelea.