Kuitambua Miji kwa Utunzaji wa Miti Yake

Waheshimiwa madiwani, maofisa wa mipango miji, mabibi na mabwana,

Mwaka 1976 taasisi ya Marekani iitwayo Arbor Day Foundation ilianza kuitambua rasmi miji ya nchi hiyo inayotunza miti yake. Mwaka 2018, huko Mantova nchini Italia, taasisi hiyo pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, zilizindua mpango kama huo kwa miji ya dunia nzima.

Vigezo vya mpango huu wa pili ni vitano, na hakuna hata kimoja kinachoudai mji uwe umepanda idadi fulani ya miche. Kinachotakiwa ni kwamba pawe na mtu, idara au kamati iliyokabidhiwa miti kwa maandishi. Pawe na sheria au sera ya kuisimamia. Pawe na sajili au tathmini ya miti iliyopo. Patengwe fedha kila mwaka. Na siku moja katika mwaka iadhimishwe kwa ajili ya miti. Hicho cha mwisho hakina ugumu, kwani sherehe hazijawahi kutushinda.

Uzito uko kwenye fedha na sheria. Mpango wa Marekani unautaka mji utumie angalau dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka katika shughuli za miti, na ombi la kutambuliwa hurudiwa kila mwaka, kwa hiyo mji uliosifiwa mwaka jana hauwezi kuishi kwa sifa hiyo. Sisi huku tumezoea kuhesabu miche. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya ilitangaza mapumziko ya kitaifa ili wananchi wapande miche milioni 100, jambo jema kabisa. Lakini mche wa kando ya barabara huhitaji kumwagiliwa wakati wa kiangazi, kuzungushiwa uzio dhidi ya mbuzi na, ukishakua, kupogolewa na fundi anayejua tawi likatwe wapi, na kazi hizo hazina siku ya mapumziko.

Kuhusu sheria, kumbukeni mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, mti wenye umri unaokadiriwa kupita miaka 100, uliokuwa ukatwe mwaka 2020 kupisha barabara mpya ya juu. Wananchi walipiga kelele, Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri, mti ukabaki. Nilifurahi kama wengine. Hata hivyo, mti mmoja ukihitaji amri ya Rais ili uishi, maana yake ni kwamba chini ya Rais hapakuwa na kanuni wala ofisa mwenye uwezo wa kusema hapana, na miti mingine iliyokatwa kwa ajili ya barabara hiyohiyo haikupata mtetezi wa cheo hicho.

Nina shaka moja na mpango huu: unapima utawala wa jiji zima, na jiji laweza kutimiza vigezo vyote huku kivuli kikiwa kimejaa kwenye mitaa ya wenye nacho tu. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba halmashauri itakayoomba kutambuliwa iandae sajili yake kata kwa kata, ikionyesha pia barabara zisizo na mti hata mmoja, na bajeti ya mwaka unaofuata ianzie huko.