Hata Ukija na Prado, Mali Kauli Hupewi

Vijana wangu, wamama, wazee mliokaa hapo mbele, asanteni kwa kuniita. Mlisema niongee juu ya kufanikiwa, sasa nitaongea kama mama wa duka la jumla hapa Busia, upande wa Uganda, maana hiyo ndo kazi naijua.

Naanza na mambo ya kujionyesha. Siku hizi kijana akishika pesa yake ya kwanza hafikirii stoki, anafikiria simu, ananunua simu ya bei kubwa kuliko mtaji wake wote alafu anapiga picha ameegemea gari ya mtu anaweka kwa status, na sisi tunajua hiyo gari ni ya nani, Busia yenyewe ni ndogo. Mimi sikatazi mtu kuvaa. Oga, piga pasi shati lako, hata la mivumba, yaani mitumba, kutoka soko la Owino likipigwa pasi linapendeza na mteja anafurahi kuhudumiwa na mtu msafi. Shida yangu ni kukopa ili uonekane unazo, unalipa riba kila mwezi kwa kitu hakikuletei hata shilingi mia. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wazee walishasema na mimi siongezi.

Sasa niwaambie vile sisi wa jumla tunaamua nani apewe mali kauli, kwa sababu wengi mnadhani ni bahati ama undugu. Mtu anachukua katoni za sabuni, majerikeni ya mafuta, magunia ya mchele, hajalipa kitu, analipa akishauza, na mara nyingi kilichopo ni jina lake tu limeandikwa kwa kitabu cha madeni. Hiyo ni pesa yangu imetoka mlangoni kwa miguu ya mtu mwingine! Kwa hiyo naangalia nini? Viatu siangalii. Naangalia alisema Ijumaa, je Ijumaa alikuja, na kama hakuwa nazo alinipigia mwenyewe ama alizima simu. Yule anayekuja na nusu anasema mama, soko limekuwa baya wiki hii, shika hizi kwanza, huyo nampa tena siku hiyo hiyo na namsifu kwa jirani yangu naye ampe. Yule wa kuzima simu, hata akirudi na Prado atakuta mzigo umeisha. Na tunaongea sisi, kutoka hapa mpaka Kikuubo, kule kwa maduka ya jumla Kampala, jina la mtu linafika dukani kabla yake.

Kuna dada mmoja, simtaji, alianza na vitunguu vya kupima kwa sahani, amevaa sandali. Siku moja vijana wangu wa kupakia walimzidishia katoni moja ya mafuta, mimi sikujua kabisa, na yeye akapiga simu usiku kusema mama hesabu haikai sawa, nina katoni yako huku. Nilimfungulia kitabu kesho yake. Leo anajaza Fuso, na bado yuko na sandali zake, na benki yenyewe ndo inamtafuta.

Mnapenda michezo, nitoe mfano huko. Munich, 1972. John Akii-Bua, polisi wetu kutoka Lango, fainali ya mita 400 kuruka viunzi wakampa leni ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali ambayo mkimbiaji wa viunzi hawezi kuichagua. Akashinda kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48, na hiyo ndo dhahabu ya kwanza ya Uganda Olimpiki. Nani alikuwa anamtazama siku zote zile anafanya mazoezi na fulana ya uzito mwilini?

Na Joshua Cheptegei, mkimbiaji wetu huyu wa juzi. Machi 2017 mbio za nyika za dunia zilikuja uwanja wa Kololo, Kampala, anaongoza, uwanja mzima unapiga kelele, raundi ya mwisho miguu ikakataa akamaliza wa 30 mbele ya watu wake. Kama kufanikiwa ni kuonekana, basi alikuwa ameisha pale pale, maana hakuna aibu kubwa kama ya nyumbani. Agosti mwaka huo huo akachukua medali ya fedha ya mita 10,000 London. 2020 akavunja rekodi ya dunia ya 5,000 na ya 10,000. Paris 2024, dhahabu. Zile alfajiri za Kapchorwa, baridi ya mlimani, mtu anakimbia peke yake na watu wamelala, hizo ndo zilimtoa kwa aibu ya Kololo, na hazikupigiwa makofi.

Kitu kingine kinaniuma sana, watu wa kusema weka laki moja, mwezi ujao chukua laki tatu. Wanakuja na suti, wanakodi ukumbi wa hoteli, wanapaki gari mbele ya mlango muione mkiingia. Ile gari ndo biashara yao yote! Pesa ya wa kwanza inalipwa na ya wa pili, wa pili analipwa na wa tatu, wageni wakikosekana mambo yanaanguka na simu zinazimwa. Mtu akitaka akiba yako muulize leseni yake iko wapi, alafu usimwamini, nenda uhakikishe mwenyewe Benki Kuu, na kama ni mkopeshaji kuna mamlaka ya serikali ya kusimamia wakopeshaji wadogo, UMRA, imewekwa na sheria ya 2016. Suti sio leseni.

La mwisho ni kwanjula, ile sherehe ya kijana kujitambulisha kwa wazazi wa msichana, na hapa mtanikasirikia. Kijana anakopa kwa sako, chama cha akiba na mikopo cha wenzake, akodi magari sita na hema na gomesi za mashangazi, wiki mbili baadaye bibi harusi anagundua wanaanza maisha na deni la miaka. Wazazi, na sisi tunachangia, tunahesabu magari yaliyokuja badala ya kumuuliza kijana unafanya kazi gani na nani anakujua huko. Mimi naomba chama chenu kikae kikubaliane hapa hapa leo kwamba pesa ya sako haitolewi kwa ajili ya sherehe, inatolewa kwa ajili ya stoki, pikipiki, karo na ugonjwa. Naona mikono imeshanyooka, mpeni maiki kwanza yule kijana wa steji ya boda.