Maswali ya kuchagua jibu yanajua nini kuhusu uandishi wako?

Jamani karibuni, mlioko nyuma sogeeni kidogo. Leo nataka tuongee kitu kinachoniuma, hii tabia ya chuo kumpa mwanafunzi mpya mtihani wa kuchagua A, B, C, D, halafu kwa maksi hizo inaamuliwa huyu ataimudu kozi ya uandishi na huyu aanzie darasa la chini.

Mtihani wenyewe una uzuri wake, sikatai. Mashine inasahihisha, haichoki, haiangalii mwandiko, na mtu akirudia kesho anapata maksi karibu zile zile. Shida ni kwamba unamuuliza kama anaona kosa kwenye sentensi ya mtu mwingine, wakati kozi inamkalisha mbele ya karatasi tupu atafute la kusema, alipange, alifute, aanze tena. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, zina undugu lakini si mapacha.

Na hapo sasa kuna jambo ambalo watu hawaliongelei. Tunatabiri nini? Gredi. Gredi inatoka wapi? Kwa mwalimu. Mwaka 1961 watafiti wa ETS, taasisi ya kutunga mitihani kule Marekani, walichukua insha 300 wakawapa wasomaji 53 wazipange kwenye madaraja 9, na hakuna insha hata moja iliyopata chini ya madaraja matano tofauti, yaani insha ile ile huyu anaona ni nzuri sana yule anaona haifai, na asilimia 94 ya hizo insha zilipata madaraja saba au zaidi! Sasa mnaulaumu mtihani kwa kukosa shabaha wakati shabaha yenyewe inatembea?

Ndiyo maana utafiti wa 1966 naupenda. Watafiti wake walimwandikisha kila mwanafunzi insha tano, kila insha ikasomwa na watu watano, wakajumlisha alama zote, na hapo maswali ya kuchagua yakaonekana yanatabiri jumla hiyo vizuri tu, na ukiongeza insha moja yanatabiri vizuri zaidi.

Lakini chuo gani kinasoma insha hivyo? Kwenye darasa la kawaida, tuseme uwiano kati ya maksi za kuchagua na gredi ni 0.5 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni zinakwenda pamoja kabisa), watu watashangilia, ila ukiizidisha kwa yenyewe unapata 0.25, robo tu ya tofauti za gredi ndo imeelezwa, robo tatu ziko kwingine, kwenye bidii, kwenye kukubali kurekebishwa, kwenye mwalimu uliyempata.

Kwa hiyo mimi naomba hivi. Maksi za kuchagua zibaki, ila mwanafunzi aandike insha mbili siku mbili tofauti, zisomwe na walimu wawili ambao hawajaoneshana alama, na aliyepelekwa darasa la chini aandike tena wiki ya pili, akionekana anaweza ahamishwe siku hiyo hiyo, asisubiri muhula uishe.