Masikio ya Wafula

AKINYI: Karibuni tena. Mimi ni Akinyi, na huyu mwenzangu leo amekuja na kofia ya sufu, ameivuta mpaka shingoni. Wasikilizaji, naomba mjiulize kwa nini.

WAFULA: Kuna baridi.

AKINYI: Hapa Kisumu? Saa nane mchana?

WAFULA: Shemeji, tuanze kipindi.

AKINYI: Tumeshaanza. Mlio kwenye kundi letu la WhatsApp mmeiona ile picha tangu Jumapili. Ambao hamjaiona, ni hivi: Wafula amechorwa. Rangi ya akriliki, kanvasi kubwa kama mlango wa kabati. Na ina masikio.

WAFULA: Kila mtu ana masikio.

AKINYI: Lakini ya kila mtu hayajazi kanvasi.

WAFULA: Niacheni nieleze mwenyewe. Jumamosi jioni nilishuka ufuo wa Dunga. Kulikuwa na jioni ya hadithi, lakini msimuliaji hakuna. Mbele yuko mchoraji, kando waimbaji watano wa sauti tupu. Hakuna ngoma, hakuna kinanda, hata nyatiti hakuna. Mtu anaketi kitini, anaulizwa maswali mawili matatu, halafu mchoraji anamchora sura na wale wanaimba maisha yake, papo hapo. Mgeni wa siku alikuwa mama mmoja aliyeuza samaki pale ufuoni tangu ujana wake. Sasa mama amechelewa. Wakauliza ni nani atakalia kiti wakati wanamsubiri. Mimi nilikuwa nimesimama tu, natafuta pa kuweka soda.

AKINYI: Ukakaa.

WAFULA: Nilikalishwa. Yule jamaa akapaka kanvasi yote rangi ya kahawia, ameipunguza makali kwa maji, akasubiri ikauke kidogo. Akanitazama akiwa amekunja macho mpaka yanakaribia kufunga. Anasema ukikunja macho unaona kivuli na mwanga tu, mengine yanapotea. Akaweka mstari wa macho katikati kabisa ya kichwa. Mimi nikidhani macho yako juu! Kumbe juu ya macho kuna nusu nzima ya kichwa. Halafu akasema sikio huanzia usawa wa nyusi, linaishia usawa wa chini ya pua.

AKINYI: Na lako linaishia wapi?

WAFULA: Alipima kwa mpini wa brashi. Akasita. Akapima tena.

AKINYI: Woi!

WAFULA: Nikamwambia kijana, punguza kidogo, hiyo ni hewa ya ziwa imeyavuta. Akanijibu kwa heshima zote, mzee, mimi nachora ninachoona.

AKINYI: Afadhali wewe ulikataliwa na kijana wa Dunga. Obama mwenyewe alikataliwa. Februari 2018, siku picha yake ilipozinduliwa kule Washington, alisimama mbele ya watu akasema alijaribu kumwomba mchoraji wake, Kehinde Wiley, ampunguzie mvi, ikashindikana. Akaomba masikio madogo, nayo ikashindikana.

WAFULA: Mtu aliyekuwa rais wa Marekani!

AKINYI: Ndege alikuwa nayo, jeshi alikuwa nalo, masikio yamemshinda. Ile picha ameketi kwenye kiti, nyuma ni majani matupu na maua. Kuna asumini ya Hawaii, maua ya Chicago, na yale ya buluu ya Afrika kwa ajili ya babake, mtu wa Siaya hapa. Mchoraji alimpa Kenya yote, ila sikio hakulipunguza hata inchi moja.

WAFULA: Yeye amestaafu na picha iko makumbusho. Yangu iko kwenye simu ya kila fundi wa friji mjini hapa. Jana mteja amenifungulia mlango akaanza kuangalia kando ya uso. Hajaniuliza hata compressor imeharibika vipi.

AKINYI: Hiyo ni matangazo ya bure. Haya, wimbo. Kwa sababu mimi nilikuwa kwa mazishi Seme, nimesikia rekodi tu.

WAFULA: Waliniuliza umetoka wapi, unafanya kazi gani, unaogopa nini. Nikasema Webuye, natengeneza friji, naogopa mama mkwe.

AKINYI: Wafula! Mama yetu anasikiliza hiki kipindi!

WAFULA: Ni uoga wa heshima. Mama, shikamoo. Sasa mmoja wao, yule mnene, akatoa sauti nzito ya chini, akaishikilia bila maneno. Dada mmoja akaweka jina langu juu yake. Wafula, mtoto wa mvua. Wengine wakaitikia. Wakanianzisha kwa maporomoko ya Nabuyole, wakaniingiza mto Nzoia, wakanishukisha nao polepole kuja ziwani.

AKINYI: Wewe ulikuja Kisumu na matatu.

WAFULA: Najua nilikuja na matatu! Lakini shemeji, ungesikia vile yule dada alikuwa anapandisha sauti kila mto unapokata kona, hata wewe ungekubali nilikuja na maji. Nywele zilinisimama. Mchoraji naye brashi yake ikaanza kwenda na ule mwendo, anavuta rangi ndefu ndefu shavuni. Tumefika Budalang'i, karibu kabisa kuingia ziwani, jamaa mmoja huko nyuma akapaza sauti: simamisheni!

AKINYI: Pakruok! Ile desturi yetu Wajaluo, unatoa pesa wimbo usimame, ujisifu!

WAFULA: Amekuja na mia mbili mkononi, anaipunga. Wimbo ukakatwa. Akasema yeye ni wuod Alego, mwana wa Alego, kipenzi cha warembo, mwanamume ambaye hata mamba humwamkia kwanza. Watu wakashangilia mpaka viti vikaanguka. Wimbo uliporudi, mamba yumo, Alego imo, warembo wamo. Mimi sikuonekana tena. Niliachwa Budalang'i.

AKINYI: Mpaka leo uko kwenye mafuriko.

WAFULA: Unacheka, lakini hapo ndipo nataka tuongee ukweli. Ile haikuwa sawa. Na ilirudiwa kwa yule mama, ikawa mbaya zaidi.

AKINYI: Kwa mama ndipo mimi niliona jioni imeanza.

WAFULA: Hukuwepo!

AKINYI: Nimesikia. Eleza basi, wasikilizaji wapime.

WAFULA: Mama amefika, amesukwa vizuri, leso mbili. Akakaa wima, mikono juu ya magoti. Mchoraji akabadilika kabisa. Kwangu alikuwa anafanya haraka, kwake alitumia muda kwa mikono peke yake. Vidole vya mtu aliyekwangua magamba maisha yake yote vina makovu madogo madogo, na yule kijana aliyaweka moja moja kwa ncha ya brashi. Akriliki inakauka mbio kwa joto letu, kila mara anapulizia rangi maji kwa kichupa. Waimbaji wamemchukua tangu enzi za samaki wa ngege, kabla mbuta, wale sangara, hawajashika ziwa. Wakafika miaka ya 1990, gugumaji limefunga ufuo, mashua haziingii. Hapo hawakuimba neno. Walinung'unika tu kwa pua, watano, sauti zimebanana hakuna nafasi. Ukumbi wote kimya. Unaliona lile gugu. Na katikati ya kimya hicho, mama mwenyewe anainuka!

AKINYI: Akafungua fundo la leso.

WAFULA: Akatoa hamsini, akasema simamisheni. Wimbo wake mwenyewe! Mchoraji yuko kwa bega la kushoto, bega limeondoka.

AKINYI: Na alisema nini? Sema alichosema.

WAFULA: Alisema hilo gugu mnaloimba kama msiba, yeye hakulia. Alienda kununua omena, wale dagaa, upande mwingine wa ziwa, akaanika, akauza soko la Kibuye, na watoto wote wakasoma. Yeye ndiye nyar Seme, binti wa Seme, asiyengoja ziwa lifunguke.

AKINYI: Sasa! Watu watano na kijana mmoja wa brashi walikuwa wanamfanya maskini. Wanamnung'unikia. Yeye akawaambia hapana, mimi sikuwa hivyo. Kama asingesimama, angeenda nyumbani na picha ya huzuni ya mtu mwingine.

WAFULA: Angesema baada ya wimbo.

AKINYI: Baada ya wimbo nani anasikiliza? Watu wako kwa samaki.

WAFULA: Shemeji, kwetu Bungoma mzee akizikwa, anakuja omuswala kumuse, yule msemaji wa hotuba ya mazishi tunayoiita kumuse. Anasimama na fimbo yake, anatembea uwanjani huku na huku, anaeleza tulikotoka, koo zetu, wazee wetu, mwenendo wa watu. Saa nyingi. Hakuna anayempita mbele, hakuna anayeongea. Mbunge amekaa chini kama mtoto wa shule. Kwa nini? Kwa sababu neno linahitaji nafasi ya kujengeka. Ukilikata katikati umepata kelele.

AKINYI: Na yule anayefanyiwa kumuse yuko wapi?

WAFULA: Amezikwa.

AKINYI: Asante. Amezikwa, hawezi kusahihisha. Mama wa Dunga yuko hai, ameketi pale, na hadithi ni yake.

WAFULA: Kumuse si hadithi ya marehemu peke yake, ni ya watu wote. Na tena ni bure! Hiyo pakruok yenu ni ya mwenye mfuko. Pale nyuma kulikuwa na msichana anayeparua samaki, alisimama jioni yote na ndoo yake. Naye ana maisha. Lakini hana mia mbili, kwa hivyo mamba wa Alego ameimbwa, yeye hakuimbwa.

AKINYI: Mama alitoa hamsini.

WAFULA: Kwa sababu ni mama. Huyo msichana angetoa hamsini wangemwambia aongeze.

AKINYI: Hiyo unabahatisha.

WAFULA: Na wewe unabahatisha kwamba alikuwa anaonewa. Labda wangemaliza lile gugu wakamtoa upande wa pili akiwa na ushindi mkubwa zaidi. Hatutajua. Wimbo ulikatwa.

AKINYI: Wafula, nikuulize. Ni nani aliyemwambia mchoraji apunguze masikio?

WAFULA: Hiyo ni tofauti.

AKINYI: Tofauti gani? Uliikatiza kazi ya mtu katikati ili utoke vile unavyotaka wewe. Hiyo ni pakruok, ila wewe hata shilingi hukutoa!

WAFULA: Mimi niliomba. Nikakataliwa, nikanyamaza, nikakaa. Yeye hakuomba, alisimamisha.

AKINYI: Na ndiyo maana picha yake anaipenda na wewe umevaa kofia.

WAFULA: Kofia ni ya baridi!

AKINYI: Nitakupa mfano mwingine. Joy Adamson, yule wa simba Elsa. Kabla ya simba alikuwa mchoraji. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao. Picha nyingi ziko kwa makumbusho ya taifa, na ni nzuri, siwezi kusema si nzuri. Shanga zinaonekana moja moja. Lakini ukizitazama zikiwa nyingi pamoja unasikia mtu ameambiwa simama hapo, usitikisike, wewe leo ni kabila. Hakuna hata mmoja aliyefungua fundo la leso akasema simamisha.

WAFULA: Na kwa sababu walitulia, leo tunajua shanga zilivaliwaje. Wangeinuka kila dakika tungekuwa na mabega bila vichwa.

AKINYI: Bora bega.

WAFULA: Bora bega? Akinyi, bora bega?

AKINYI: Nimesema. Yule kijana alifanya nini mama aliposimama? Niambie, wewe ulikuwepo.

WAFULA: Alipaka bega upya, limeinuka. Mkono mmoja akauacha gotini, mwingine akaufanya uko hewani, una noti.

AKINYI: Na makovu?

WAFULA: Ya mkono wa noti hayaonekani. Umegeuka. Ndiyo nasema kuna kitu kilipotea! Ule mkono wa kwanza ulikuwa kazi bora ya jioni yote, sasa umefunikwa na rangi. Mimi niliuona, wewe hutauona kamwe.

AKINYI: Na mimi nauona wa noti, na mama ndiye aliyeuchagua.

WAFULA: Hatutaelewana.

AKINYI: Hatutaelewana. Na tuna muda gani? Ngoja... Wafula! Wale vijana wa kwaya wako mlangoni, wamekodi chumba saa tisa kamili. Nilikuwa na masomo hapa, nimeandika jana usiku, ya mtu anayetaka kuandaa jioni kama hiyo.

WAFULA: Soma haraka.

AKINYI: La kwanza ni taa. Ukiwa karibu na ziwa usimulike kanvasi moja kwa moja usiku, wadudu wa ziwa wanafuata mwanga na rangi ni mbichi...

WAFULA: Kuna mmoja yuko kwenye sikio langu la kulia. Mchoraji alisema amekauka nalo, akimtoa atatoka na rangi.

AKINYI: Kwa hivyo lile doa si kipuli?

WAFULA: Nani alisema ni kipuli?

AKINYI: Kundi zima! Watu wamejadili siku tatu!

WAFULA: Shemeji, endelea na masomo.

AKINYI: La pili lilikuwa kuhusu waimbaji kuongea na mtu kabla, si pale mbele ya watu... wanabisha tena. La tatu ni refu, wacha. Vijana, tunatoka! Dakika moja!

WAFULA: Lakini umekubali msichana wa ndoo alistahili wimbo?

AKINYI: Nimekubali alistahili, sijakubali mama anyamazishwe ndiyo msichana aupate.

WAFULA: Sikusema anyamazishwe, nilisema angoje.

AKINYI: Ni kitu kimoja.

WAFULA: Si kitu kimoja! Haya, yule msikilizaji wa Kondele aliyeuliza kama friji ikihamishwa inafaa ikae kwanza kabla ya kuwashwa: kama ililazwa, isimamishe, uiache saa kadhaa mafuta yarudi kwenye compressor. Mengine wiki ijayo. Akinyi, kamata hiyo waya, vijana wameshaingia.