Mwanafunzi mwenye ulemavu darasani: noti, ubao na ratiba

Wahadhiri wenzangu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeshatupa wajibu hapa Tanzania, kwa hiyo sitawashawishi. Tuangalie kazi yenyewe.

Tuanze na noti. Wengi wetu tunapiga picha kurasa za kitabu, tunazigeuza PDF na kuzirusha kwenye grupu la darasa. Mwanafunzi asiyeona akiifungua kwa NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, hasikii kitu, maana mle mna picha, hamna maandishi. Kupima ni sekunde 5: jaribu kunakili neno moja. Likikataa, mpe faili la Word. Vichwa vyake uviweke kwa mitindo ya vichwa iliyomo kwenye Word, ili aruke kutoka kimoja hadi kingine kwa herufi H. Ukikoleza wino tu, atasikiliza kurasa 40 kutafuta aya moja.

Ubaoni ndipo tunapoharibu zaidi. "Chukua hii, gawanya kwa hii, unapata ile." Ipi? Hata "kipeuo cha pili cha x jumlisha 3" kina mtego: x ikiwa 1, aliyeiingiza 3 ndani ya kipeuo anapata 2, aliyeiacha nje anapata 4. Sema: "fungua kipeuo, x jumlisha 3, funga kipeuo." Mwanzoni utajiona kama kasuku, lakini hata wanaoona watakushukuru.

Kwa kiziwi, macho yana kazi moja kwa wakati mmoja. Akimtazama mkalimani hawezi kuandika, kwa hiyo noti zimfikie kabla ya kipindi. Mkalimani naye yuko nyuma yako kwa sentensi moja au mbili: ukiuliza swali, subiri kidogo, la sivyo wanaosikia watajibu kila siku. Na swali la kiziwi mjibu yeye, si mkalimani.

Mwenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, mchapie mtihani upya kwa herufi za ukubwa wa 18. Kukuza fotokopi kunakuza na ukungu wake.

Kuhusu muda wa nyongeza anaopewa mwenye ulemavu kwenye mtihani, tuseme ni robo ya muda wa kawaida. Mtihani wa saa 3 ulioanza saa 3:00 asubuhi, yeye anaumaliza saa 6:45 mchana. Kama mwingine unaanza saa 7:00, ana dakika 15 za kula, kwenda msalani na kutafuta chumba. Nyongeza imegeuka adhabu. Hilo lirekebishwe ratiba ikiwa bado rasimu. Ikishabandikwa, mtavutana na ofisi ya mitihani mpaka asubuhi ya mtihani wenyewe.